Treni Iliyozaliwa Mwaka Ule

Jumamosi, 22 Novemba 2008

Leo mwalimu wetu, Abla Wadha, ametutangazia darasani. Mwezi wa tatu wasichana wawili wa shule yetu watakwenda Japani kwa siku kumi, pamoja na walimu. Anayetaka kwenda atahutubia ukumbini Jumatano ya wiki ya pili. Mada yoyote, mradi iwe ya Japani.

Mkono wangu ulinyanyuka wenyewe! Mimi, ambaye nikiitwa kusoma mbele ya watu hata vidole vya miguu vinajikunja. Buthaina, tunayekaa naye dawati moja, aligeuka akanitazama kama nimeota pembe.

Mada ninayo. Ninayo tangu siku Baba aliporudi na kalenda kuukuu kutoka ofisini kwake Al Khuwair — walikuwa wanaitupa. Ndani yake treni ya kasi ya Kijapani, rangi ya maziwa, mstari wa buluu, pua ya mviringo kama ya pomboo. Nyuma yake mlima wenye theluji. Miezi mingine ya kalenda ile sikumbuki hata ilikuwa na picha gani.

Sizipendi sana zile mpya, zenye pua ndefu kama mdomo wa bata. Naipenda ya kwanza. Nimesoma kwamba ndani yake kulikuwa na behewa la kunywa chai, na ukutani mita ya mwendo, na watoto walisimama hapo kuutazama mshale ukifika kilomita mia mbili na kumi kwa saa. Vikombe vya maji vilikuwa vya karatasi, bapa kama bahasha; unakifungua kwa kidole ndipo unakinga maji. Nimejaribu kutengeneza kimoja. Kinavuja.

Ajabu — kukiwazia kwa hamu kitu ambacho hujapata kukiona. Hapa kwetu hata reli hakuna.

Jumapili ya tarehe thelathini zile za pua ya mviringo zinamaliza safari zao za kila siku. Zote. Baada ya hapo, basi.

Jumatatu, 24 Novemba

Foleni ya magari tangu Al Amerat mpaka Wadi Adai. Baba anaguna, kaka yangu Murshid kalala mdomo wazi. Mimi nikafumba macho. Magari yote mbele yetu yakashikana, yakawa mabehewa. Milima ikaanza kukimbia.

Hapo mwanzo, kule Japani, treni hizi zilikuwa na majina mawili. Iliyosimama vituo vichache iliitwa Hikari, yaani Nuru. Iliyosimama kila kituo iliitwa Kodama, yaani Mwangwi. Nuru na Mwangwi! Ni nani huyo aliyekaa ofisini, na tai yake, akaamua treni iitwe Mwangwi? Ningependa kumwamkia.

Baba akanigusa bega. Tumefika shule. Nilitaka kumwambia: bado stesheni moja.

Alhamisi, 27 Novemba

Nimeharibu.

Chakula cha mchana, sote mkekani. Murshid akanianza: "Haya, stesheni masta, tuhutubie!" Nikasoma kidogo, kwa Kiarabu cha shuleni, kama nilivyoandika. Bibi alisikiliza vizuri, akatikisa kichwa, akasema mashallah. Kisha akaniambia nimfasirie kwa Kiswahili, apate utamu wake.

Nikamfasiria. Nikasema, "Watu wanaiita treni ya risasi, Bibi."

Neno hilohilo nilikuwa nimelitamka kwa Kiarabu punde tu, na halikumfanya kitu. Kwa Kiswahili — alirudisha tonge sahanini. Akanawa. Akaenda chumbani kwake, wali haujafika nusu.

Baba hakuniangalia. 

Baadaye, jikoni, Mama alinieleza kwa sauti ndogo. Nilijua kwamba Bibi aliondoka Unguja mwaka wa sitini na nne, mwaka wa mapinduzi. Nilijua alikuwa na kaka, Suud. Sikujua kwamba Suud aliuawa kwa risasi mlangoni kwao, Bibi kasimama nyuma yake, anamshika kanzu asitoke. Tangu hapo neno hilo halisemwi nyumbani. Baba amekua halisemi, Mama alipoolewa akafundishwa asiliseme. Mimi hakuna aliyenifundisha. Neno usilolisikia, utajuaje kuwa halipo?

Na hotuba yangu inaanza hivi: Oktoba, mwaka 1964, treni nzuri kuliko zote duniani iliondoka Tokyo...

Mwaka uleule. Nimeupenda miaka yote hii na sikuwahi kuwaza.

Ijumaa, 28 Novemba

Nilimpelekea Bibi kahawa na tende. Nikasimama mlangoni. Mwishowe nikasema, "Nisamehe, Bibi."

"Hukukosa kitu, mwanangu. Nifungie mlango, baridi ya esi hiyo yaniumiza magoti."

Kwisha.

Jumapili, 30 Novemba

Mchana, somo la hesabu. Kule Japani jua lilikuwa linazama. Nilikuwa nachora pembetatu, na treni moja ya rangi ya maziwa ilikuwa inaingia kituoni, haitatoka tena kesho. Je, taa za ndani zinazimwa zote pamoja, au behewa moja moja? Viti vya buluu vinabaki gizani vikitazama mbele.

Mwalimu aliniuliza jawabu. Nikasema, "Ishirini na mbili." Halikuwa ishirini na mbili.

Neno lile nimeliondoa kwenye hotuba, hata kwa Kiarabu. Mwaka sikuuondoa. Nilishindwa.

Jumatano, 3 Desemba

Nimechaguliwa!!

Nilihutubia nikitazama saa ya ukutani. Sauti ilitetemeka mpaka kwenye vile vikombe vya bahasha. Hapo wasichana wakacheka, lakini kwa wema, na ikatulia. Abla Wadha alinikumbatia. Buthaina kasema nilikuwa kama mtu anayemsifu mchumba wake. Mjinga huyo!

Nyumbani Baba alinipongeza, mabruk, mara mbili. Halafu akakuna ndevu. Kwake yeye hana neno, kasema, ila mama yake yuko hai, na bila radhi za mama yake mtoto wake hapandi ndege. Akaingia kwa Bibi. Nilisubiri kwenye korido nikijifanya napanga viatu.

Bibi kasema, tutaona.

Nikamuuliza Mama maana yake. Mama akaendelea kukatakata vitunguu.

Jumapili, 14 Desemba

Idi imepita. Kesho Abla anataka jawabu. Nimekonda.

Leo huko Japani walikuwa na safari ya kuaga, ya mwisho kabisa, na jioni hii mtu keshaweka video kwenye mtandao. Mtandao unashika sebuleni tu, kwa hiyo Murshid aliiweka kompyuta pale mezani. Sikujua kama Bibi yuko kwenye kiti chake pembeni. Nilipomwona nikataka kuifunga.

"Iache," kasema. "Kina nani hao wanalia?"

"Wanaiaga treni, Bibi."

"Kwani imekufa?"

"Imezeeka."

"Alaa! Na mie je?"

Murshid alicheka mpaka akapaliwa. Bibi hakucheka. Alisogeza kiti karibu, akavaa miwani. Umati ule stesheni: wazee wenye suti, watoto mabegani, wote wanapunga mikono.

"Ilianza lini, hichi kitu?"

Murshid akanikanyaga mguu. Ningeweza kusema zamani. Ningeweza kusema sijui.

"Mwaka wa sitini na nne, Bibi."

Bibi akaisukuma miwani juu ya pua.

"Mwezi gani?"

"Wa kumi. Watu walijaa vilevile. Walipiga makofi."

Bibi alikigeukia kioo cha kompyuta. Kisha akasema polepole, kwa Kiswahili chake, kama anajisemea mwenyewe: "Mwezi wa kumi mie nnalala sakafuni kwa watu, Mombasa, nnaona dunia nzima imezimika. Kumbe palikuwa na watu wanapiga makofi."

Sikujua kama hayo ni mazuri au mabaya. Bado sijui. Nilikimbilia huku chumbani, naandika, mlango wazi. Namsikia anamwambia Murshid airudishe mwanzo. Murshid anairudisha. Hii ni mara ya tatu sasa, au ya nne. Anauliza mlima ule unaitwaje. Anauliza kwa nini yule mwenye kofia anainama.

Baba amerudi. Nasikia funguo. Anamwamkia, anakaa. Anasema taratibu, "Mama, mtoto anasubiri jawabu."

"Na asubiri," anasema Bibi. "Wewe nawe, Awadh, jisogeze hapo, wanikinga nisione. Treni bado haijafika stesheni."