Gameli ya Baba Kwenye Nyumba ya Vitu vya Kale

Lubumbashi, Bel-Air
Siku ya Mungu, mvua zimeanza

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, mimi binti yako Euphrasie. Umeamkaje huko Kabalo? Magoti yamepungua kuuma, au bado unapanda ngazi za kanisa umemshika mama mdogo mkono? Na paa la jikoni, wamelitengeneza kabla mvua haijakukuta? Sisi huku tuko wazima. Baba Gracia anaendelea na kazi yake ya udereva. Gracia ameingia mwaka wa tano wa masomo. Déborah ameota meno mapya ya mbele na anamchekea kila mtu ili yaonekane. Umeme unakuja na kwenda utakavyo wenyewe, lakini jana bomba lilitoa maji tangu asubuhi hadi mchana, nikafua kila nguo iliyokuwa humu ndani, hata mapazia.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati juzi tu tumesemezana kwenye simu. Mama, kwenye simu ningesema uongo tena. Nikisikia sauti yako mdomo wangu unakimbia, unasema jambo la kukufurahisha kabla sijawaza. Karatasi inaningoja mpaka niseme lililo kweli.

Ni habari ya gameli ya Baba, kile chombo chake cha bati cha kubebea chakula kazini. Kila mara unaniuliza iko wapi, nami nakujibu iko salon, pale tunapopokea wageni, ndani ya kabati la vioo, watoto wanaifuta vumbi. Mara ya mwisho niliongeza kwamba Gracia ameishonea kitambaa. Hakuna kitambaa, Mama. Gameli haiko kwangu. Mwaka wa pili huu unaisha.

Mwanzoni niliiweka kweli kabatini, tulipohamia hapa, katikati ya vikombe vya wageni. Siku moja Mama Kavira akaja kutusalimu mara ya kwanza. Huyu ni mke wa bwana wanayemfanyia kazi kina baba Gracia, watu wa Kivu ya Kaskazini, wanauza unga na mafuta kwa jumla, wana malori. Nilikuwa nimeazima viti kwa jirani, nimepika kuku. Akasimama mbele ya kabati, akaangalia, akauliza:

"Na hii gameli iko ya nani?"

Hapo nikaiona kwa macho ya mgeni. Kitako cheusi, ubavu umebonyea, mshikio Baba aliofunga kwa waya. Nikajibu upesi:

"Iko ya mulinzi. Anaisahaulaka humu."

Alipoondoka sikuweza kuitazama. Niliificha jikoni nyuma ya gunia la makala, yale makaa ya kupikia. Kisha akapita yule mama anayezunguka kununua bati na sufuria zilizotoboka, nikampa pamoja na sufuria mbili. Ilitoka kwenye kiwanja chetu juu ya kichwa cha mtu, ikigongana na takataka, nami nikarudi ndani kuosha vyombo.

Sasa sikia ilivyonirudia. Huyo Mama Kavira tumekuwa marafiki. Ni mtu wa watu, si kama nilivyomwogopa. Ni yeye aliyeleta wazo kwamba siku ya posho, Jumamosi moja kila mwezi, tuchukue watoto tukaone vitu vya kale vya mji huu, kwa sababu kuingia ni bei ndogo na watoto wengi hawalipi. Baba Gracia alicheka sana. Alisema, "Bintu bya kale tuko nabyo humu nyumba, muanze na kinga yangu." Kinga ni baiskeli yake, unaikumbuka. Lakini siku ya kwanza tu alikuja nasi, akasimama mbele ya ngoma za Waluba muda mrefu kuliko sote, akamweleza Déborah ipi inapigwa wakati gani.

Mama, zilikuwa siku nzuri. Naamka mapema, nakaanga mikate, nachemsha mayai, najaza maji ya kunywa kwenye bidoni. Tunatembea, hatupandi teksi ila kurudi. Tumeona vichwa vya treni vya zamani, nikawaonyesha watoto mahali mtu anapotupia makala, na nikajidai kama vile mimi ndiye niliyekuwa natupia. Tunakula chini ya ukuta wenye kivuli, tunarudi miguu inauma, ninasonga bukari ya unga wa mahindi na kupika sombe ya majani ya muhogo, na Gracia anaandika kwenye daftari kile alichoona. Nilijiona mama mzuri sana siku hizo.

Mwezi uliopita Mama Kavira akasikia habari ya nyumba moja kwenye kambi ya zamani ya wafanyakazi. Mwalimu mstaafu, wanamwita Muzee Monga, amekusanya vitu vya watu wa reli na wa mgodi ndani ya vyumba viwili. Unalipa kidogo kuliko bei ya mkate. Tulikwenda, tukakuta familia nyingine mbili. Muzee akatuzungusha: kofia za chuma, taa, vitabu vya kazi vyenye picha. Kisha akaelekeza fimbo yake kwenye meza ya dirishani.

Niliijua kwa ule waya kabla sijaona kingine. Alikuwa ameisugua mpaka inang'aa. Kifuniko kimesimamishwa pembeni, na ile mistari mitano iliyochorwa kwa msumari inaonekana vizuri.

"Hii nilinunua kwa bantu ba feraye, bale ba byuma bya kale," alisema Muzee. "Munaona mistari? Mwenyewe alikuwa anahesabu ma posho, ma wiki yenye hakupata nyama. Tano! Na hapa kwa ya tatu akaweka musalaba, pengine siku ile njaa ilimuzidia."

Watu wakacheka. Mama, walicheka, nami nikatoa meno pamoja nao.

Wakati huo Mama Kavira akapiga makofi. "Lakini hii minaijua! Euphrasie, si ni ile gameli ya mulinzi wako?"

Muzee akamgeukia kwa furaha. "Munajua mwenyewe? Miye natafuta majina ya benye bintu, sipatake. Huyu mulinzi anaishi wapi?"

Wote wakaniangalia. Nilisema aliacha kazi zamani, sijui alikokwenda. Muzee akatoa kalamu na kikaratasi, akaandika huku akisoma kwa sauti: "Gameli ya mulinzi wa Bel-Air." Na mimi nilikuwa nimesimama pale, nimeshika bidoni ya maji.

Gracia akanivuta nguo. Hakusema kwa sauti ndogo.

"Mama, siye hatukuwa na mulinzi hata siku moya. Hii ni ya kambo, baba yako."

"Nyamaza! Ulikuwa mudogo, unajua nini? Acha kusema bongo mbele ya bantu bakubwa."

Sijawahi kumwita mtoto huyu mwongo. Hakulia. Aliniangalia tu, akaenda kumshika Déborah mkono, na mkono wangu hakuushika tena mpaka nyumbani. Jioni hakufungua daftari lake. Baba Gracia akamwuliza ameona nini, akajibu, "Muulize mama."

Wiki nzima nilipika, nikafua, nikapiga pasi sare za masomo, na kila nilipogeuka mtoto alikuwa ananijibu kwa adabu kama mgeni. Baba Gracia nilimweleza siku ya tatu. Akasema, "Baba yako, ba Donatien, balinipokea kwao na hii gameli mikononi. Balinigawia chakula ndani yake." Akatoka nje kufunga lango.

Siku ya posho iliyofuata nilikwenda peke yangu. Nilimkuta Muzee Monga anafagia. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama mlangoni: kwamba gameli ni ya marehemu baba yangu, Donatien, aliyegeuza njia za treni pale Kabalo maisha yake yote. Kwamba kila ulipotoka materniti na mtoto, Baba alichukua msumari akachora mstari, ili huko kazini akifungua chakula chako awe anatuona. Ulinieleza haya siku nilipoondoka kuja huku, ukaniwekea gameli ndani ya mfuko, ukasema, "Humo mko nyinyi wote." Nilimwambia Muzee na maneno hayo. Nikamwambia pia jinsi ilivyofika kwa watu wa chuma, na mulinzi ametoka wapi.

Nilitaraji anifukuze. Yeye aliegemeza ufagio, akakaa. "Na miye nimechekesha bantu juu ya batoto ba muntu," alisema. "Myezi yote hii."

Kisha akaitwaa gameli na kunikabidhi. "Beba, mama. Iko yenu. Kama munataka ibakie hapa bantu bayue, itabakia. Lakini hapa si weye utasema. Ni ule mama mwenye alikuwa anaipikia."

Sikuibeba, Mama. Niliirudisha mezani. Akachana kile kikaratasi cha mulinzi, akachukua kingine, akaniomba nimtajie majina ili ayaandike kwa kufuata mistari. Mstari wa kwanza, Célestin. Wa pili, Marceline. Kalamu ikafika wa tatu, ule mfupi wenye msalaba.

"Na huyu?"

Sikujua, Mama. Najua alikuja kabla yangu, na kwamba hakufika kutembea. Jina sijawahi kukuuliza. Katika miaka yangu yote hii, na wewe unanieleza hadi jina la mbuzi wa babu, sijawahi kukuuliza. Nikatikisa kichwa. Muzee akaacha nafasi, akaenda kwa wa nne na wa tano.

Nilirudi nyumbani, nikamwita Gracia jikoni nikamwomba masamaha. Akauliza, "Kumbe sikusema bongo?" Nikamwambia, "Hapana. Miye njo nilisema." Akachukua kisu akaanza kunisaidia kumenya viazi. Daftari bado hajalifungua, na simlazimishi. Kwa Mama Kavira nilikwenda pia. Nilianza kumweleza, akanikatiza: "Minajuaka tangu ile siku ya kwanza. Nani anawekaka gameli ya mulinzi katikati ya vikombe bya wageni? Kule kwa Muzee niliuliza vile ili useme mwenyewe." Akanimiminia chai. Sikujua niweke wapi uso wangu.

Huyu anayekuletea barua ni mwalimu wa huko kwetu aliyekuja kutibiwa macho. Mwombe akusomee mtu unayemwamini, au mama mdogo Stéphanie, ila si mbele ya wanakwaya wenzake. Kaka yetu mkubwa, yaya Célestin, mwambie nimepata ujumbe wake wa uzi wa cherehani, nitautuma. Dada yangu, yaya Marceline, na watoto wake nawasalimu, na shangazi Ngoie pale anapouzia samaki. Kaka mdogo Papy mwambie akuchotee maji bila kungoja kuambiwa mara mbili. Kama watanikasirikia, usiwazuie.

Mama, sikuombi unisamehe kwa haraka. Naomba uniambie mambo mawili. Gameli ikae pale, au irudi kwako? Lolote utakalosema nitalifanya, hata kama ni kuileta mwenyewe hadi mlangoni kwako. La pili ni jina. Muzee Monga ameacha nafasi kwenye karatasi, kati ya Marceline na mimi, inatosha neno moja. Kama hutaki liandikwe mahali watu wanapopita, niandikie mimi peke yangu, nilijue.

Ni mimi, mtoto wako wa nne,
Euphrasie