Kiti cha Mwami

Mjukuu wangu Neema,

Sisi huku Greyville tuko wazima, na saluni ya shangazi yako iko na wateja. Unauliza kwa nini huko Uingereza mlisimama kwa heshima alipoingia mwakilishi wa Mfalme, wakati Mfalme mwenyewe hakuja. Eti zamani wawakilishi hao walikusanya askari wa kaunti, leo wanagawa medali.

Nilikuwa msichana kule Kivu tulipomzika mama. Mwami, mfalme wetu, alimtuma mzee mmoja na kiti chake. Kiti kikabaki kitupu, mzee akasimama kando yake juani. Nilipochoka kusimama, alinishika mkono akanikalisha pale. Wajomba walishtuka. Akawaambia tu, "Mwami angempisha."

Mwami sikumwona kamwe. Lakini mpaka leo nasema alikuja kumzika mama.

Nakukumbatia,
Bibi yako