Pale Kaseti Iliporuka

Mama Kashindi, mama yangu,

Nakusalimu kwa heshima yote. Tuko wazima, mtoto na minye mwenyewe. Magoti yako yanaendeleaje? Na hapo Mulongwe munalala nyumbani, ao mungali munahama kila risasi zinapolia upande wa Bijombo? Redio ya huku ugenini haisemi kitu juu ya Uvira. Nategemea wenzetu wanaopiga simu kwao, na kila mmoja analeta habari yake.

Baridi ni nyingi. Ningali nafua mashuka katika hoteli. Riziki anasoma vizuri, na amenipita urefu.

Ujumbe wako ulinifikia. Ulisema kuna muntu wa Nyakabere aliyeiona ile jeep ya Kashindi imeungua kando ya mto Ruzizi, tangu vita ya kwanza, na kwamba aliyekuwa anaiendesha hakutoka. Ukaniuliza kama mufanye matanga ya Kashindi, kwa sababu minye ni bibi yake wa ndoa na bila neno langu hautaki kuanza. Nikanyamaza miezi yote hii. Sikunyamaza kwa dharau, Mama. Kila nilipotaka kukubali, mdomo ulikataa. Kwenye simu ningelia tu, ndiyo sababu naandika.

Kazini niko na mama mmoja mwenyeji wa hapa, jina lake Marta. Siku moja alileta sidi, akaiweka kwenye redio tukiwa tunakunja mashuka. Gitaa zikaanza, zile za makelele, kisha ngoma. Nikaacha kukunja. Zilikuwa nyimbo za kaseti ya Kashindi.

Unaikumbuka. Yule mzungu wa mradi wa visima, ambaye Kashindi alikuwa shofere wake, alimuachia siku ya kurudi kwao. Lilikuwa kundi moja la rock, nyimbo zao za miaka mingi zimechaguliwa na kuwekwa pamoja. Weye ulikuwa unauliza, “Kashindi, hawa batu banalia nini? Nani amebafia?” Naye anacheka: “Mama, banalia tu. Hata siye tungekuwa na gitaa kama zile tungelia.” Kiingereza hakujua. Alipokosa maneno alitia ya Kifuliiru, akaendelea. Akirudi kutoka Kamanyola tulisikia muziki barabarani kabla ya kuona gari.

Siku tulipokimbia vita pia kaseti ilikuwa inapiga ndani ya jeep. Alitushusha bandarini Kalundu, akatuingiza katika mtumbwi, Riziki akiwa mgongoni mwangu. Weye ukamshika shati. Akakuambia, “Mama, wenzangu wa visima bangali Nyakabere, habana gari. Naenda kubaleta, kisha nitabafuata.” Akafungua vidole vyako polepole, akaondoka. Tulisikia wimbo ukienda mbali, ukienda, mpaka risasi zikaufunika.

Basi niliazima ile sidi. Marta aliniangalia uso, akanipa. Jumapili, tulipotoka kanisani, nikaiweka jikoni bila kumwambia Riziki ni ya nini. Alikuwa anamenya viazi.

Unajua kaseti yetu ilikuwa mbovu mahali pamoja. Redio iliitafuna, Kashindi akakata ukanda ulioharibika na kuuunga. Tangu hapo wimbo wa tatu uliruka: muimbaji anaanza neno, ghafla yuko kwingine. Ulipofika wimbo huo, Riziki akaanza kuufuata kwa sauti ndogo, midomo imefungwa. Nikafikiri ameusikia shuleni. Lakini pale kaseti iliporuka, naye akaruka. Sidi iliendelea na maneno ambayo sikuwahi kuyasikia, yeye akiwa ameshafika mbele. Akasimama na kisu mkononi.

“Mama, wamekosea?”

“Nani alikufundisha wimbo huu?”

“Sijui. Iko tu mu kichwa.”

Mama, mtoto huyu alikuwa hajatimiza miaka minne tulipopanda mtumbwi.  Niliangalia mlango kana kwamba kuna mtu ameingia.

Nikaketi, nikamwambia yote, mpaka lile shati uliloshika. Alisikiliza bila kulia. Nikamuomba anitafsirie wimbo. Akasema ni muntu anatembea kwenye mvua, amekasirikia rafiki yake. Kashindi alituapia kwamba ni wimbo wa harusi. Tukacheka kidogo. Kisha akauliza, “Papa alikuwa na sauti gani?”

Nikafungua mdomo, sikuipata. Niliitafuta sauti yake akiniita kutoka barabarani, akiomba maji ya kuoga, akikutania. Kila mara aliyekuja ni yule muimbaji, muntu nisiyemjua hata sura, amekaa mahali pa bwana wangu. Tangu hapo mashine za kazini zikizunguka nasikia anayeimba ndani. Nazizima, nasikiliza. Si Kashindi. Sidi nimeirudisha kwa mwenyewe.

Nilikuwa nafikiri kwamba nikikataa matanga ninamshikilia. Kumbe alikuwa ananitoka, na minye sijui.

Fanyeni matanga, Mama. Nina ombi moja tu. Kila muntu hapo husema kwamba mdogo wa Kashindi, Bahati, akiongea nyuma ya ukuta hauwezi kujua ni sauti ya nani kati yao wawili. Siku hiyo asimame aeleze habari za kaka yake, asiharakishe, na simu muishike karibu na mdomo wake. Huku itakuwa asubuhi. Riziki ameshachagua nguo atakayovaa, na amesema tusiongee wakati anasikiliza.

Msalimie huyo shemeji yangu Bahati na bibi yake, shangazi anayeuza samaki wa ndagala sokoni, katekista wetu, na jirani mwenye mtumbwi, aliyetuvusha bila kutudai kitu. Weye mwenyewe, usichote maji tena kwa magoti hayo. Watume wajukuu.

Ni minye Feza, mjane wa mtoto wako.