Saa Mbili na Saa Nane

Tassia, Nairobi
Jumapili jioni

Baba,

Pokea salamu zangu, za mkwe wako Ndinda na za mjukuu wako Syombua. Goti la Mama limepoa, au bado anakokota mguu akienda kisimani? Na mvua je, imewagusa au imepita tena upande wa majirani? Sisi huku ni wazima wa mwili. Zaidi ya hapo siwezi kusema, maana nikiandika kwamba tuko salama nitakuwa nimeanza barua kwa uongo.

Sikupiga simu kwa sababu wewe simu huiweka spika, na boma zima husikiliza. Haya ni yako. Barua nitampa Kimeu, yule wa lori la mchanga, na ameniahidi ataitia mkononi mwako.

Baba, Fundi Wafula ameumia, na propela niliifunga mimi.

Unamjua kwa sifa nilizokupa tu. Ni mzee wa Kiluhya, mpole hadi unamwonea huruma, aliyenitoa kwa kazi ya mjengo akanifunza kutengeneza injini za hizi ndege ndogo za kuchezea ambazo watu wazima wenye nafasi zao huzirusha uwanjani Jumamosi. Ndiye aliyeishika propela ya kwanza uliyotuchongea, akaipapasa huku na huku, akaniuliza, "Huyu mzee wako amesomea wapi?" Nikamwambia amesomea kuchonga twiga. Alicheka siku nzima.

Jumanne tulikuwa tunajaribu injini ikiwa imefungwa mezani. Nilichukua propela moja kati ya zile tano ulizotuma mwezi uliopita. Shimo lake lilikuwa dogo kuliko shafti, nikalipanua kwa rima, nikizungusha kwa mkono polepole, lisije likahama kutoka katikati. Nikaweka washa ya chuma, nikakaza nati kwa spana. Tukaiwasha kidogo, tukaizima, nikakaza tena, kwa sababu mbao hubonyea na nati hulegea. Yote hayo niliyafanya, Baba, naweza kuapa mbele ya Mama. Tukaiwasha mara ya pili, Fundi akainama kurekebisha mafuta. Injini ikaanza kutetemeka, meza nayo ikatetemeka, na kabla sijafika kuizima nati ilikuwa imetoka na propela imeruka. Ilimpata mkono wa kulia. Vidole viwili vimeshonwa, na daktari anasema huenda visikunjike tena.

Mke wake hajibu salamu yangu. Simlaumu.

Sasa sikia walivyosema. Propela ina mahali pake pa kufungiwa. Unaizungusha taratibu mpaka uhisi injini inakataa, halafu hapo unaikaza ikiwa imelala mshazari, ili ukiipiga kwa kidole mkono uwe umeshaondoka moto unaposhika. Kitabu cha injini ni cha Kizungu, na Fundi hukisoma kwa kusema, "Weka saa mbili," yaani bawa lielekee palipoandikwa mbili kwenye saa. Lakini saa mbili yetu sisi, mshale huwa kwenye nane. Basi Brayo, mwenzangu pale mezani, mzaliwa wa Dandora, akanirukia mbele ya watu wote, "Buda, si ni wewe ulichanganya masaa? Fundi alikushow saa mbili, we ukaset na saa za ushago," yaani za huko kwetu kijijini. Na ni kweli, mimi niliiweka mahali pa nane.

Niliamini. Siku tano nimekula chakula bila kujua ni chakula gani. Nilienda hospitali nikapiga magoti kando ya kitanda, nikamwambia Fundi kwamba nilichanganya saa. Akaniambia, "Inuka, Mutinda, utachafua suruali." Hakuna siku nimetamani kutukanwa kama siku hiyo.

Leo tumetoka kanisani, nikamweleza Ndinda jambo lote tangu mwanzo. Alikuwa anasonga sima. Akautoa mwiko, akaufuta, akapanda juu ya kiti, akauweka juu ya ile saa ya ukutani tuliyopewa kwenye harusi.

"Baba Syombua, propela iko na mabawa mangapi?"

"Mawili."

"Sasa angalia. Huku mwiko umeshika mbili, na huku umeshika nane. Hata ungeiweka saa za Wazungu ama za kwetu, si ni mahali pamoja?"

Nilikaa chini sakafuni, Baba. Nilidhani nitafurahi. Nilifurahi muda wa kushusha pumzi moja tu, kwa maana kama si saa, basi ni nini kilichoitikisa ile injini?

Kuna kazi moja sikuifanya. Propela mpya hupimwa kwanza. Unapitisha msumari mwembamba katika shimo, unaulaza juu ya nyembe mbili zilizosimamishwa, na bawa lililo zito hushuka lenyewe. Ndipo unalipiga msasa mpaka pande zote mbili zikae sawa. Fundi ana msemo wake, "Ipite kwa nyembe hata kama imetoka mbinguni." Za watu wengine nilizipima zote. Zako nilipima zile za mwanzo, zikatulia kama maji ya mtungi, halafu nikaacha. Niliona haya. Kumpima baba yangu kwa nyembe niliona ni kama kumwambia afungue mfuko nione alichobeba. Adabu hiyo ndiyo imemkata Fundi vidole.

Nilitoka nikaenda karakana leo leo, Jumapili, nikafungua nikapima zile nne zilizobaki. Tatu zimeangukia upande mmoja, tena kwa kishindo. Nikazitazama mwangani. Ile alama yako, mkato mdogo unaoutia katikati, umekaa pembeni, na kwenye moja umekatwa mara mbili, kama mtu aliyekuwa akiutafuta kwa kidole gumba.

Baba, unaona?

Nauliza kwa woga na ninalia nikiandika. Nilipokuja Krismasi ulimwita Syombua kwa jina la dada yangu Mwende, tukacheka wote. Chai ulimimina nje ya kikombe, ukasema kikombe kibovu. Mimi ni mwanao wa kwanza na sikuona kitu, kwa hiyo sijui kipofu ni nani kati yetu.

Ndinda peke yake anajua. Brayo bado anaimba wimbo wa saa na nimemwacha aimbe, heri waseme mimi ni mjinga wa ushago kuliko waseme neno juu ya mikono yako. Lakini jana Fundi alinituma kutoka kitandani, "Mwambie mzee atuongezee kumi." Nitamjibu nini? Nikikubali, mwingine ataumia. Nikikataa, lazima niseme sababu. Nimezungukwa, Baba, na sioni mlango.

Nisalimie Mama, umwambie asinisubiri kwa hasira, nitakuja. Nisalimie dada yangu Mwende, na mjomba wa pale dukani, na yule mchungaji aliyenibatiza.

Mwende, kama ni wewe unayemsomea barua hii, na moyo wangu unaniambia ni wewe, usiruke neno hata moja. Halafu umpe Baba kalamu na karatasi, ukae mbali. Usimshike mkono, usimwonyeshe mstari.

Baba, niandikie jina langu tu, kama ulivyoliandika kwenye sanduku langu la shule. Mpe Kimeu alilete. Likiwa limenyooka, nitakuomba msamaha nimekupigia magoti. Likiwa limepanda na kushuka, usiogope na usichonge tena mpaka nifike. Nitakuja kukuchukua twende kwa daktari wa macho, na tukitoka hapo tutaenda pamoja kwa Fundi Wafula, nimwambie ukweli nikiwa nimekushika mkono.

Mwanao,
Mutinda