Chupa Kwenye Kitanda cha Mtoto

Mama mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje, na presha imetulia? Dada ananiambia umeanza kuficha chumvi chini ya kitanda. Mama jamani! Mimi ni mzima, ila usingizi na mimi tumekosana.

Kilichoniweka kimya ni kisanduku cha joto cha watoto njiti hapa hospitalini. Kompyuta yake iliungua, na ndicho pekee wodi ilichobaki nacho. Bila hicho mtoto akizaliwa kabla ya wakati hana pa kulala. Nikaambiwa niandike programu mpya. Programu hiyo inatazama joto limepungua kiasi gani sasa, inajumlisha upungufu wote uliopita, tena inaangalia joto linapanda au kushuka kwa kasi gani, ndipo inaamua hita iwake kiasi gani. Tukalaza chupa ya maji badala ya mtoto, joto likatulia tuli. Nikajiona fundi kweli.

Nesi mkuu akaja, akafungua kidirisha cha kisanduku kana kwamba anabadilisha nepi, akakiacha wazi, kisha akafunga. Lahaula! Joto likapanda, likapitiliza, kengele ikalia. Akaniuliza kama maji ya chupa hiyo nayachemshia chai. Nilitamani ardhi ipasuke.

Kosa lilikuwa langu. Kidirisha kikiwa wazi, hita ilikuwa imeshawaka hadi mwisho wa nguvu zake, lakini programu iliendelea kujumlisha upungufu kama mtu mwenye kinyongo. Kilipofungwa, ikalipiza chote. Nikaandika upya: hita ikifika mwisho, jumla isiongezeke. Halafu nikagundua hesabu zenyewe zinafanyika ovyo, mara mapema, mara zinachelewa zikisubiri skrini ichore namba. Nikazitenga ziende kwa mpigo usiobadilika, bila kuisubiri skrini. Nesi alifungua na kufunga mpaka akachoka mwenyewe, joto halikupitiliza tena. Daktari akakubali, ila aliniuliza kama ningemlaza mwanangu humo.

Mama, kaa chini kwanza. Daktari hakuwa anatania. Mkwe wako alikuwa chumba cha pili, uchungu umemshika kabla ya wakati. Nilimkataza dada asikuambie kwa ajili ya presha yako. Niliogopa nisije nikawapoteza wawili, wewe na mtoto. Mtoto ni wa kike, na mama yake ni mzima. Amelala pale pale ilipolala chupa. Nesi akifungua kidirisha roho yangu inaruka. Joto linashuka kidogo, linarudi, linasimama panapotakiwa. Leo asubuhi amelia kwa sauti mpaka wodi nzima ikageuka, nami nikajua huyu ni mjukuu wako.

Usimgombeze dada, nigombeze mimi. Magoti yakikuruhusu, njoo umwone. Ila ukifika, Mama, kidirisha usikiache wazi.

Ni mimi kitindamimba wako, siku hizi naitwa baba.