Maelezo ya shahidi kuhusu boti ya matembezi iliyopinduka ziwani

Shahidi: mke wa mwenye boti. Umri: miaka 41. Kazi: mshona mapazia. Makazi: nyumba za nyuma ya kiwanda cha barafu.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, Jumapili, saa nne asubuhi, tulitoka gatini kwa boti yetu ya matembezi. Tulikuwa watatu: mimi, mume wangu aliyeshika usukani, na kaka yangu, fundi magodoro, tuliyemwita Kicheko.

Kando ya usukani kuna kifaa kinachopokea hali ya hewa kutoka kwenye setilaiti na kuionyesha kwenye kioo. Mvua huonekana nyekundu. Mume wangu alikifunga mwenyewe. Kaka alimtania, "Shemeji, siku hizi hata mbingu unazitazama kwenye televisheni!" Tulicheka sote.

Saa saba mchana, tukiwa mbali na nchi kavu, niliona wingu zito. Nikamwambia mume wangu, "Baba Watoto, turudi." Akanionyesha kioo, hakikuwa na wekundu wowote. "Hilo linatupita kando," akasema.

Kaka akainama pale kwenye kioo. "Shemeji, mbona saa ya picha hii ni ya asubuhi?"

Mume wangu alitazama, akageuza boti kwa nguvu. Kifaa kilikuwa kimepoteza mawimbi, kikabaki na picha ya zamani.

Upepo ulitukuta palepale. Boti ilipigwa ubavu, ikapinduka. Kaka alinisukuma hadi nikaishika boti iliyopinduka. Akasema, "Usiachie, mdogo wangu." Sikumwona tena. Waokoaji walitukuta jioni, mimi na mume wangu tu.

Wazamiaji wametafuta, wameacha. Mama amekunja shuka jeupe mapajani, na hana wa kumfunika.

Mume wangu amewekwa mahabusu. Jana mama mkwe alikuja kwangu. "Mwanangu, sema kifaa kilikuwa kizima, dhoruba ilizuka tu. Utamfunga mume wako kwa mdomo wako?"

Nilimjibu, "Mama, na mimi nina mama."

Nimeulizwa kama mume wangu alikusudia. Hapana. Alimpenda kaka kuliko ndugu zake. Nimeulizwa kama angeweza kujua. Ndiyo, angetazama ile saa.

Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo. Nimeyasema kwa hiari yangu, ingawa hayamrudishi mtu.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

Afisa aliyeandika: Shahidi amesomewa maelezo yake, ameyakubali. Ameomba kumwona mumewe mahabusu. Nimekwenda kumuuliza mume. Amegeukia ukutani.