Mnada uliorudisha vitu vya mama chumbani

Jumapili, mwezi wa saba, Kihesa, Iringa

Baridi ya leo haina adabu. Asubuhi maji ya kwenye ndoo yalikuwa yanauma vidole kama yana meno, na ukungu ulikaa juu ya mabati mpaka watu wanatoka ibada ya kwanza. Sasa ni jioni, jua bado lipo kidogo, nimekaa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni naandika kwa simu, kwa sababu ndani hakuna pa kukaa.

Nyumba ya vyumba vinne, hakuna pa kukaa.

Nyie mnaonisoma humu mnanijua. Ni mimi yule yule niliyepandisha fuso la vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni hadi juu Kitonga kwa rivasi, baada ya gia za mbele kufa zote, na trafiki akanipigia saluti. Shule niliishia la saba, lakini profesa wa kunishinda kusimulia hajazaliwa. Leo sina hamu hiyo. Leo nimeshindwa, na nataka niandike haraka kabla sijaanza kuligeuza jambo hili likawa ushindi, maana najijua.

Mke wangu, Mama Tumaini, hayupo. Tangu Pasaka yuko Mbeya, kule Uyole, kwa dada yake. Ana pumu. Mwaka huu ilimbana mpaka nikawa naamka kusikiliza kama bado anapumua. Daktari akaniuliza tunalala chumba cha namna gani. Nikamweleza kwa fahari zote: kabati la marehemu mama, cherehani yake, masanduku yake ya mablanketi, koti la marehemu baba, kinu na mchi wake, vikapu, mikeka, magunia ya vitambaa. Daktari akaweka kalamu chini.

"Mzee wangu, hicho si chumba, ni stoo. Mkeo analala anavuta vumbi."

Mama Tumaini hakupiga kelele. Alifunga begi moja. Pale stendi akaniambia, "Siku chumba kikibaki na kitanda na sisi wawili, nipigie. Napanda basi la asubuhi yake."

Kitanda na sisi wawili. Ndicho alichoomba, basi.

Sasa mtu atasema, si utoe tu hivyo vitu? Ngoja nieleze. Mama alipofariki, siku ya kumaliza tanga, ukoo ulikaa uani tukagawana vitu vyake kama ilivyo kwetu. Kila mtoto apate cha kumkumbuka. Dada yetu mkubwa wa Makambako akapata cherehani. Kaka yangu wa Mlandege akapata kabati. Shangazi akapata mablanketi. Mimi kitinda mimba nikapata koti na kinu. Kila mtu akalia, akashika chake, kisha akanigeukia na neno lile lile: "Nitunzie."

Nikatunza; vyumba vingine vilishajaa vya ndugu wengine, hivi vya mama vikaingia chumbani. Nani mwingine angeweza? Kaka yangu wa Mlandege, ambaye kutoka kwake mpaka kwangu hata ndizi ya kuchoma haijapoa mkononi, miaka yote hii anasema atakuja na pikapu.

Wiki iliyopita niliwapigia wote. Nikawaeleza habari ya kifua cha shemeji yao. Dada akaanza kulia. "Yaani mama ana siku ngapi kaburini mpaka umtupe?" Mama ana miaka kaburini, dada. Nikamwambia basi njoo uichukue cherehani. Akasema nyumba yake ndogo. Kaka akasema pikapu iko gereji. Shangazi akasema nikimtolea nje mablanketi atanilaani, kisha akaniuliza kama nimeyaanika jua.

Hapo ndipo nikapata akili, na nilijiona mjanja kuliko wote Kanda ya Nyanda za Juu Kusini. Nitavipeleka kanisani. Pale usharikani kwetu, kila Jumapili baada ya ibada kuna mnada uani: watu wametoa sadaka ya kuku, mahindi, mayai, ndizi, na mzee wa kanisa anavinadi. Nikawaza, kitu kikishatolewa kwa Mungu, ndugu gani atanidai? Atamdai Mungu?

Jana nimetoa vyote. Peke yangu, mgongo huu huu. Nilipomaliza nikasimama katikati ya chumba. Kitanda tu, na dirisha ambalo nilikuwa nimesahau kwamba linafunguka. Nikalifungua. Nikavuta pumzi hata mimi.

Nikampigia. Nikasema, "Mama Tumaini, kata tiketi ya Jumatatu." Akasema, "Kweli wewe?" Sauti ile sijaisikia tangu tukiwa wachumba.

Leo asubuhi guta likabeba vyote mpaka kanisani. Mzee Mgaya ndiye anayenadi. Kuku wakaenda, ndizi zikaenda. Akafika kwenye kinu cha mama.

"Haya wapendwa, kinu hiki, na mchi wake. Nani anaanza?"

Mtu mmoja akataja bei ya kuchekesha, bei ya sufuria lililotoboka. Mwingine nyuma akasema, "Siku hizi kuna mashine, Mzee, kinu cha nini?" Watu wakacheka.

Ningekaa kimya tu. Kinu kingeondoka kwa bei ya sufuria, kingegeuzwa kigoda cha kukalia kuku, na kesho mke wangu angekuwa ndani ya basi. Kukaa kimya tu, kazi gani hiyo?

Nikachukua kipaza sauti.

Nikawaambia mchi ule ndio mama aliomuulia chui. Kwamba chui aliingia jikoni mimi nikiwa mgongoni kwa mama, mama akampiga moja tu, ya utosi, na akaendelea kutwanga. Mara ya mwisho nilipoisimulia chui alikuwa mdogo, lakini leo pale uani alikuwa na urefu wa mlango wa kanisa. Nikasimulia cherehani iliyoshona shela ya mke wa mkuu wa wilaya usiku mmoja kwa mwanga wa mwezi. Nikasimulia koti la baba, ambalo Mzungu alilivua mwilini mwake akamvisha baba, baada ya baba kumvusha Mzungu huyo mgongoni mto Ruaha ukiwa umefurika, na viboko wakipisha. Kina mama wakawa wanafuta machozi. Mimi mwenyewe nikawa nalia. Nilikuwa nimewashika, jamani. Sijawahi kuwashika watu namna ile.

Mwenyekiti wa kina mama akasimama. Akataja bei nzito kwa kile kinu, mpaka Mzee Mgaya akamwomba arudie. Akakilipia pale pale. Halafu akanigeukia, akanisalimu kwa Kihehe.

"Kamwene, Baba Tumaini. Kitu kama hiki hakitoki nyumbani. Nimekikomboa, nakurudishia."

Vigelegele.

Mnajua watu wanavyokuwa wema mtu mmoja akishaanza. Wanakwaya wakachanga wakakomboa cherehani, wakanirudishia. Kabati likakombolewa na mafundi seremala wa mtaa wa pili, wakaahidi kulipiga vanishi. Mablanketi, moja moja, kila familia na lake. Walidhani natoa kwa shida, au kwa imani kubwa kupita kiasi. Nilikuwa nasema, "Hapana, wapendwa, kaeni navyo," na wao wanasikia unyenyekevu. Mzee Mgaya akanikumbatia. "Ulitoa kama Ibrahimu, na Bwana amekurudishia!" Ningemwambia nini pale mbele ya mchungaji? Kwamba Bwana alikuwa anisaidie kuvipoteza?

Hawakuishia hapo. Wakavibeba vichwani, wakaimba njiani mpaka hapa kwangu. Kina mama wakafagia chumba na kuvipanga upya vizuri kuliko mwanzo, wamebananisha, hata upenyo wa panya hakuna. Dirisha sasa liko nyuma ya kabati.

Na walipokuwa wanaondoka, mjane wa jirani akarudi na kiti cha uvivu cha marehemu mumewe. Kwa mikono yote miwili ameikumbatia miguu ya kiti.

"Mimi watoto wangu wanataka kukichanja kuni. Wewe ndiye unayejua kutunza. Nitunzie."

Nikapokea. Nilipokea! Nikasema, "Bila shaka, mama." Hiki hapa, kimeziba mlango wa sebule.

Mchana nikawa naogopa simu. Ikaita yenyewe.

Sikuhitaji kueleza. Kuna aliyenirekodi pale mnadani, na video ilishafika Uyole kabla hata wali haujaiva. "Nimekuona," akasema Mama Tumaini. "Umependeza na ile suti." Nikacheka, yeye hakucheka. Akaniuliza taratibu kabisa, "Kwa hiyo chumbani kuna nini sasa?"

Nikasema kuna vitu kidogo.

"Dirisha linafunguka?"

Nikalitazama kabati.

"Basi, Baba Tumaini. Sijakasirika, usiwaze hivyo. Tiketi nimeirudisha. Ila huku napumua."

Huku napumua. Angenitukana ningeweza kujibu. Nikabaki nimeishika simu sikioni baada ya yeye kukata.

Nimejaribu, jamani. Baada ya simu ile niliingia kuanza kutoa tena. Nimefika na sanduku moja mpaka uani, mtu wa kwaya akapita barabarani, akaniona, akapaza sauti, "Unaanika, Baba Tumaini? Mungu akubariki!" Nikamjibu ndiyo, naanika. Nikalirudisha ndani. Mtaa mzima sasa unalinda vitu vya mama yangu. Nikivitoa nitakuwa nimewatukana wote waliofungua pochi zao leo, na nikivichoma moto dada yangu ataviomboleza upya. Niko katikati hapo, sioni upande wa kutokea.

Ila mimi ninatoka mlangoni. Mimi sijakombolewa na mtu.

Nimeandika kwenye kundi la familia dakika chache zilizopita: ufunguo nitauacha kwa Mzee Mgaya, kila mtu aje achukue chake, mimi nahamia Uyole. Kaka yangu ameandika, "Ukweni??" Dada ameweka sura ya kulia. Shangazi kauliza nani atayaanika mablanketi.

Ndiyo, ukweni. Mwanaume mzima, mvi kichwani, kwenda kula ugali wa shemeji na kulala chumba cha wageni. Nimewacheka wanaume wengi wa namna hiyo. Kuna mmoja nilimcheka mpaka akahama mtaa. Lakini chumba kile cha wageni kina kitanda na meza ndogo, nimekiona kwenye picha, na pazia lilikuwa linapepea.

Basi linaondoka alfajiri. Nguo nimezitia kwenye mfuko wa rambo. Njia nzima mpaka Mbeya nitakuwa natafuta maneno ya kusema mlango ukifunguliwa, na mpaka sasa sijapata hata moja. Na je, akisema nirudi?